Jirani Yangu Si Riwaya

Mbeya, 14 Januari 2024

Shangazi Mektrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza kelele na yule ng'ombe wako mwenye kiburi amezaa salama. Sisi huku hatujambo. Gladness ameingia kidato cha pili, na amerefuka mpaka ananitazama kwa juu, ingawa tabia yake ilianza kunitazama hivyo zamani. Najua simu hutaki. Tangu sikio lako la kulia lizibe, tukiongea kwa simu kihamba kizima, nyumba, shamba na majirani, kinasikia habari zetu, kwa hiyo naandika kwenye karatasi kama watu wa kale, na katekista atakuletea kutoka sanduku la parokia akikumbuka.

Sasa neno lenyewe. Naanza riwaya ya nane. Uliwahi kuniuliza, kwa ile sauti yako ya mtu anayeonja maziwa yaliyochacha, haya mapenzi ninayoandika nayatoa wapi. Leo nakujibu. Siyatoi moyoni. Tangu baba yake Gladness aende zake, moyoni humo hamna cha kutoa. Nayaokota. Saa za kuona wagonjwa nakaa kwenye benchi la hospitali kama mtu mwenye mgonjwa wake, natazama nani kaleta uji na nani kaleta maua ya plastiki. Saluni nakaa chini ya draya iliyozimwa, najifanya sisikii. Kwenye sendofu naomba meza ya mashangazi, maana hapo ndipo ndoa inapochambuliwa kabla haijafungwa. Mwanamke akisema "mimi hata simjali", nayabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Halafu natandaza kadi kitandani, kila sura kadi yake, na naanzia mwisho. Kwanza nijue wataishiaje, ndipo nitafute kizuizi, ndipo nitafute majina. Watu wenyewe ndio wa mwisho, na ndio rahisi kuliko vyote. Busu linakaa sura ya tisa. Ukiliwahisha, wasomaji wanaondoka. Ukilichelewesha, wanatukana. Nimewajua vizuri wasomaji wangu: wanataka kulia kidogo kabla ya kulala, basi.

Safari hii wanataka mlima. Nina kijana anayepandisha watalii, mabega mapana, jina lake Lucky, anampenda binti wa shamba la kahawa huko Marangu. Nahitaji harufu ya migomba, ukungu, kahawa ikichanua. Na nahitaji kujua enzi zenu kijana alimwambiaje binti. Usinifiche, shangazi. Ninazo taarifa kwamba uliwahi kuwa binti.

Mwanao,
Pamela


Marangu, 9 Februari 2024

Pamela,

Marahaba. Magoti yanapiga kelele kama kawaida, siku hizi nayajibu. Ng'ombe amezaa dume, yaani amezaa hasara. Mwambie Gladness akiendelea kurefuka atafute mlango wake. Jumapili nilipita kwenye kaburi la baba yako nikang'oa majani. Wewe utang'oa lini?

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Mtoto wa kaka yangu Rogath, aliyesomeshwa kwa jasho, anakaa hospitalini anachungulia mabakuli ya uji ya watu. Hata mchawi ana aibu kidogo.

Lakini umeuliza, basi nikusaidie. Migomba haina harufu ya mapenzi. Ina harufu ya samadi, maana hapo ndipo tunapoimwaga. Kahawa ikichanua inanukia siku chache, halafu ni wadudu na mrututu wa kupulizia mpaka kichwa kinauma. Ukungu ni kikohozi. Huyo Lucky wako wa mabega mapana nawafahamu wenzake, wamejaa hapa. Akishuka mlimani analala kifudifudi, mama yake anamkanda miguu kwa maji ya chumvi. Ukimwamsha umweleze habari ya binti atakutukana, na mimi nitamsaidia.

Enzi zetu kijana hakumwambia binti kitu. Walikuja wazee na pombe ya mbege kwa baba yake, na binti alikuwa jikoni anageuza ndizi. Remigius wangu, Mungu amrehemu, neno la kwanza aliloniambia akiwa mume wangu lilikuwa "chumvi". Tuliishi vizuri hadi alipofariki, na sura ya tisa hatukuiona.

Huku kiangazi kimekaza. Mfongo, ule mfereji wetu wa kutoka mtoni, unaleta maji kama machozi ya mnafiki, na zamu ni zamu: Alhamisi ya meku Sylvanus, Jumamosi yangu. Unamkumbuka meku Sylvanus, yule mzee mfupi wa hapo juu yangu? Ameanza ujinga. Kila Alhamisi alasiri anafunga kwake anafungulia kwangu. Sikumwomba. Nilipomfuata kumwuliza, akasema migomba yake imeshiba. Imeshiba wapi! Imesinyaa kama yeye mwenyewe. Tangu mke wake Hilda afariki, akili yake imetangulia kumfuata. Anavaa sweta la marehemu, lile la kijani, eti baridi. Vifungo ni vya kike, viko upande asiouzoea, anahangaika navyo mpaka mtu unatamani umfungie uondoke zako. Nimemwambia aache kuniletea maji yake. Alhamisi iliyofuata akaleta tena.

Hayo ndiyo mambo ya huku. Tafuta kazi.

Shangazi yako,
Mektrida


Mbeya, 2 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwenye kitabu cha Gladness cha jiografia wiki nzima kabla hajakumbuka kunipa, kwa hiyo tukilaumiana tumlaumu yeye. Ana mafua. Mimi sijambo. Kaburi la baba nitakuja, najua, usiniseme.

Lucky nimemfukuza kazi. Nimeondoa kadi zake zote kitandani, yeye na mabega yake, na sijamkumbuka tangu hapo. Ulisema kweli, hana kitu. Watu wa namna hiyo ninao saba kwenye vitabu saba, nimewabadilisha mashati tu.

Nikufundishe siri moja ya kazi yangu, uidharau ukipenda. Mtu akisifia kitu, sisikilizi, anaweza kuwa anadanganya. Mtu akilalamika kwa urefu, natega sikio. Barua yako ilikuwa na kurasa mbili. Remigius, uliyeishi naye maisha yako yote, ulimpa mistari miwili. Maji ya Alhamisi uliyapa nusu ukurasa.

Sasa niambie: migomba ya jirani imesinyaa, wewe umeiona saa ngapi kama huendi kwake? Akija anakaa wapi? Anasema nini? Nauliza tu kwa sababu sijafika huko siku nyingi na nataka kujua watu wanaishije.

Nimekuwekea kitabu changu cha saba ndani ya kifurushi hiki, pamoja na majani ya chai ya Tukuyu. Chai ni nzuri.

Mwanao,
Pamela


Marangu, 21 Aprili 2024

Pamela,

Marahaba. Mafua ya mtoto mpe tangawizi, usimpe vidonge kwa kila chafya. Huku masika yamekuja kwa fujo. Njia ya kwenda kanisani imekuwa uji, na Justina, mama wa kwaya, ameanguka mbele ya padre na sketi yake nyeupe. Sikucheka mpaka nilipofika nyumbani.

Chai ni nzuri, ulisema kweli. Kitabu nimekimaliza kwa siku mbili, kwa sababu mvua ilizuia kazi, si kwa sababu nyingine. Yule mwanamke wako analia akiamka, analia akila, analia kwenye lifti. Kazi yake ya benki anaifanya saa ngapi? Na yule mwanamume anayemwambia "wewe ni pumzi yangu", mtu wa namna hiyo huku tungempeleka zahanati. Hawapiki. Hawaumwi. Hakuna anayemwuliza mwenzake umekula. Wanatazamana tu, sura baada ya sura, kama kuku na jua. Kama haya ndiyo unayaokota kwenye mabenchi, hospitali hiyo ina shida.

Umeuliza habari za Sylvanus kwa kuzungukazunguka, kana kwamba mimi mtoto. Nitakujibu ili uache. Mvua ipo, maji ya mfongo hayana kazi, na bado Alhamisi anakuja. Anakaa jikoni kwenye kigoda. Nampa kiburu, kwa kuwa ndizi na maharage vipo na siwezi kula mbele ya mtu. Anasema chumvi imezidi, halafu anamaliza. Anaeleza habari ya mbuzi wake kwa urefu usiostahili mbuzi yeyote. Anakaa upande wa sikio langu zima, sijui nani alimwambia ni lipi. Jioni ikikaribia anasema "haya", anakwenda. Migomba yake naiona nikipita kwenda dukani.

Duka liko upande wa pili, najua utasema. Nimebadilisha duka.

Basi, yamekwisha. Hakuna kitabu hapo. Huyo ni jirani, jirani yangu si riwaya.

Mektrida


Rau, Moshi, 20 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Gladness mzima, yuko likizo kwa baba yake, amepelekewa simu mpya ili asinikumbuke. Utashangaa kuona anwani. Niko Moshi wiki hii, hapa Rau kwa rafiki yangu Zuleha, yule tuliyesoma naye. Mume wake Salehe anauza vipuri mjini na watoto wao wanapiga kelele za kutosha kata nzima.

Kitabu kinakwenda, shangazi, kinakwenda kama hakijawahi! Nakitoa kwa sehemu, kila Ijumaa natuma sura kwenye kundi la wasapu na watu wanajiunga kila siku. Sijawahi kupata wasomaji namna hii. Nimekuja kukusanya ya mwisho mwisho. Jana nilitembea msitu wa Rau, na kijana anayetembeza wageni alinionyesha isale akaniambia ni mmea wa amani na mapenzi kwa Wachagga. Nimezaliwa Mchagga na nililelewa mbali, nikaona aibu kuwa sikulijua hilo. Limeniokoa. Lilikuwa pengo la sura ya nane, na sasa limeziba.

Kupanda Marangu safari hii sitaweza. Kadi zimetandazwa kwenye kitanda cha Zuleha, nikigeuka tu watoto watazichanganya, na Ijumaa inanisubiri. Barua hii anakuletea mama anayeuza ndizi, anasema anakufahamu.

Nakupenda, usikasirike.
Pamela


Marangu, 21 Julai 2024

Pamela,

Mimi mzima. Ng'ombe mzima. Salamu zimeisha.

Umefika Rau, ukalala Rau, ukala Rau, na Marangu, mwendo wa asubuhi moja, hukufika. Nilidhani ni kazi. Sasa najua ilikuwa aibu, na ulikuwa na sababu ya kuwa nayo.

Wiki tatu zilizopita jumuiya ilisali kwa Justina. Baada ya rozari akatoa simu, akasema kuna hadithi tamu inakuja kila Ijumaa, wacha awasomee wenzake tukinywa chai. Akasoma. Mjane anaishi mlimani. Mfereji unapita. Jirani mfiwa anamwachia maji ya zamu yake, kila Alhamisi. Nikadhani ni mimi tu ninayesikia vibaya. Ikaja chumvi imezidi. Ikaja sweta la marehemu, la kijani, vifungo vya kike. Hapo wote wakanigeukia, halafu wakacheka. Wanawake ninaosali nao, Pamela. Niliowazikia mama zao.

Ikaja na isale. Shujaa wako amelifunga utepe mwekundu, amepiga goti, anachumbia. Hapo walicheka mpaka Justina akamwaga chai. Mtoto wa Kichagga anaandika kwamba isale ni ua la kuchumbia! Isale linapelekwa kwa mtu uliyemkosea. Unalipeleka kwa adabu, na aliyeletewa hawezi kukataa, hata kama ulimchomea nyumba. Ndiyo maana halichezewi. Ungeuliza. Kuna mtu tangu Februari alikuwa anakuandikia barua, ungemwuliza huyo. Ukamwamini kijana wa kutembeza Wazungu.

Mimi kuchekwa nimezoea. Lakini walimfuata Sylvanus. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, mtu mzima na ndevu zake akamwuliza: "Meku, sweta liko wapi, au mpaka Alhamisi?" Yeye hakujua wanacheka nini. Akacheka nao, mzee wa watu, kwa heshima. Baadaye mjukuu akamweleza. Jumapili iliyofuata alikuja na shati jepesi, mwezi huu wa Julai, anatetemeka mpaka kipaimara cha watoto kikaisha.

Alhamisi hakuja. Ya pili yake hakuja pia, nami nilikuwa nimepika kiburu cha kutosha wawili, nikampa mbwa. Mbwa hakusema chumvi imezidi.

Wewe ulitaka neno la kuweka kwenye kadi. Nimeumia. Liweke.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umechuma Mbeya, sisi tunakula Marangu.

Mektrida


Mbeya, 30 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Nilichelewa kuandika kwa sababu niliandika barua nne nikazichana, na hii huenda nayo isikufae.

Pole kwa yaliyokupata. Jina lake sikulitaja, wala lako, wala Marangu. Sweta nimeshalibadilisha kuwa koti. Kama Justina ana akili ya kutambua watu kwa vifungo, angeitumia kutambua matope kabla ya kuyakanyaga. Waandishi wote wanaokota, shangazi. Tofauti yangu na wanawake wa jumuiya ni kwamba wao wanasema jikoni na mimi natia nukta mwishoni mwa sentensi.

Halafu nikuulize, ukikasirika basi: kama huyu ni jirani tu, na hakuna kitu, walicheka nini? Kwa nini uumie? Mimi kila siku natafuta watu wa kuandika, nakuta wanatazamana kama kuku na jua, wewe mwenyewe ulisema. Nyinyi wawili ndio watu wa kwanza niliowapata kabla ya kizuizi. Sikuwabuni. Wasomaji wanajua tofauti, ndiyo maana wamekuwa wengi hivi, wananiandikia kutoka Lindi, kutoka Muscat, wanauliza mjane atakubali lini.

Imebaki sura ya mwisho. Wanataka harusi. Nimeiandika kichwani yote, na ni sura nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, nakuapia. Nikiacha sasa nitawaambia nini? Nijibu. Nimeichelewesha kwa ajili yako.

Pamela


Marangu, 15 Septemba 2024

Pamela,

Marahaba. Kahawa imeiva vizuri upande wa jua. Gladness ameniandikia barua peke yake bila kukuambia, ana mwandiko mzuri na anasema ukweli, sijui kamfuata nani.

"Pole" ni ya mtu aliyejikwaa. Hukusema umekosa. Nikasubiri uje, hukuja. Basi kosa lililotoka mdomoni mwangu likapitia kalamu yako nimelibeba mwenyewe. Nilikata isale mpakani mwa shamba, nikavaa khanga safi, nikapanda kwa Sylvanus mchana kweupe, kila mtu akiona. Kwa desturi angetumwa mtu. Sikuwa na wa kumtuma, wa kumtuma alikuwa Mbeya anahesabu wasomaji.

Alikuwa anachuma kahawa. Akaliona lile jani mkononi mwangu, akatua kikapu, akalipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza kwanza. Alipolipokea ndipo akasema: "Mama, mimi umenikosea nini?" Nikamweleza. Kwamba nilimwandika kwenye barua, sweta na kigoda na chumvi, nikimsema vibaya.  Akauliza kama ni kweli nilimsema vibaya kila barua. Nikasema kila barua. Akatabasamu, mjinga yule.

Halafu akaniambia kitu ambacho wewe na kadi zako msingekijua. Hakuacha kuja kwa sababu ya sweta. Alisema: "Mimi nichekwe, nimeshazeeka. Lakini niliona wanakucheka wewe, nikasema nisiwape kuni."

Isale amelipokea na tumesameheana. Lakini haji, na hawezi kuja. Kusamehe ni kitu kimoja, kuvuka mfongo ni kingine. Kila Ijumaa hapa watu wanasoma, na kila Alhamisi wanatazama mlango wangu waone kama tunafuata. Ukiandika harusi, ndiyo mwisho. Akikanyaga kwangu, watasema anatekeleza sura yako. Nikifungua mlango, watasema mjane kakubali kama ilivyoandikwa. Nina miaka sitini na sita. Siwezi kuolewa kwa maelekezo ya mtoto wa kaka yangu.

Umeuliza kama kuna kitu. Kipo. Kilikuwa kinakuja polepole kwa mguu wake, na wewe umekiwashia taa usoni.

Fanya unavyojua. Umezoea.

Mektrida


Mbeya, 27 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Gladness ameniambia mwenyewe kwamba mnaandikiana. Sikumkemea.

Nimekosa. Nilikuandika bila kukuomba, nikamwandika mzee wa watu ambaye hakuwahi kunikosea, na nilipofika Rau sikupanda kwa sababu niliogopa ungenitazama. Isale huku nimeliona mahali pamoja tu, kwenye bustani ya hoteli, wamelipanda kama pambo. Nikaona kuliiba ili kuombea msamaha kungekuwa kosa jingine. Kwa hiyo naomba kwa mdomo mtupu.

Ile sura ya harusi nimeichana. Ilikuwa nzuri, shangazi. Nakuambia si ili unihurumie, ni ili ujue. Ijumaa ya juzi nimetuma nyingine. Yule mzee mtoto wake anamwita Tabora, anauza mbuzi, anakwenda. Mjane anasikia habari dukani, anasema "haya", anarudi nyumbani kupalilia. Sentensi ya mwisho ni kuhusu bei ya mbolea.

Wametukana usiku na mchana. Mmoja wa Lindi ameandika kwamba nimemwua mama yake, ambaye ni mzima. Wameondoka kwenye kundi kama siafu waliomwagiwa majivu. Mchapishaji aliyesema atakifanya kitabu hapokei simu. Wengine wanasema ni wazi sijawahi kupendwa. Hilo nililisoma nikaweka simu chini, nikaenda kufua.

Sasa hakuna anayesubiri chochote kutoka mlango wako. Ndilo pekee nililoweza kufanya.

Mwanao,
Pamela


Marangu, 24 Novemba 2024

Pamela,

Marahaba, mwanangu. Magoti ni yaleyale. Ng'ombe ana mimba tena, hajifunzi. Mvua za vuli zimekuja chache lakini zimekuja.

Sura yako ya mwisho Justina alitusomea jumuiya iliposali kwa Mama Eliakim. Nimesikiliza mengi mabaya maishani, hotuba za wanasiasa nikiwa juani, lakini kitu kibovu kama kile sijawahi. Mbuzi wanauzwa! Mwanamke anamwacha mtu aende Tabora hata chakula cha njiani hajamfungia? Nani huyo? Justina alizima simu akasema mwandishi amechanganyikiwa, na wote wakakubali kwamba ile hadithi tangu mwanzo haikuwa na maana, na yule mjane hakuwa anafanana na mtu yeyote. Sasa wanasoma nyingine, ya daktari na mapacha. Ijumaa yao imehama. Mlango wangu hautazamwi na mtu.

Alhamisi iliyofuata alikuja. Nilikuwa nachambua maharage, sikusimama. Akasema amesikia anahamia Tabora, na yeye Tabora hamfahamu mtu, kwa hiyo ameona aulize kama anaweza kuhamia karibu zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa posa. Hakuna utepe, hakuna goti, goti lenyewe angelipiga nani angemwinua? Nikamwambia akae kwanza ale. Akala. Nikamwambia "ndiyo" wakati ananawa mikono.

Ukoo wa Remigius umekutana, umeguna, umekunywa mbege, umekubali. Watoto wa Sylvanus wamekubali haraka mno, nadhani wamechoka na habari za mbuzi. Leo padre amesoma tangazo la kwanza la ndoa. Justina aliangusha kitabu cha nyimbo. Tutafunga Jumamosi ya tarehe 28 Desemba, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Njoo na Gladness, mje mapema, utanisaidia kumenya ndizi na utang'oa majani kwenye kaburi la baba yako kwa mkono wako. Isale lako utalikata hapa hapa mpakani, utalipeleka kwa Sylvanus mwenyewe kwa adabu. Atalipokea. Mimi sihitaji, nimeona ulichokichana.

Vaa gauni refu. Usikae meza ya mashangazi. Mtu akikuuliza ulijuaje, sema hukujua, na utakuwa umesema kweli.

Mimi nina furaha, Pamela. Sentensi hiyo usiitumie popote.

Shangazi yako,
Mektrida